Mchango wa asilimia 0.01: je, Tanzania ina sauti kwenye mashirika ya kimataifa?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Tangu Marekani itangaze kujitoa Shirika la Afya Duniani (WHO), kijiweni kwetu hapa Morogoro kuna ubishi usioisha. Wengine wanasema mashirika haya ni mali ya anayelipa, sisi tunaenda kupiga makofi tu. Wengine wanauliza, mbona mkuu wa WHO kanda ya Afrika ni Mtanzania? Naomba ufafanuzi: mwenye hela ndiye mwenye amri? Na fedha hizo, zetu na zao, nani anazikagua?*

Marahaba. Pande zote mbili za kijiwe chenu zina hoja, ila kila upande unazungumzia mfuko wake. Mashirika haya huendeshwa kwa mifuko miwili, na ubishi mwingi hutokana na kuichanganya.

Mfuko wa kwanza ni mchango wa lazima. Kila nchi mwanachama hupangiwa kiwango kwa kutazama ukubwa wa uchumi wake, pato la mwananchi na mzigo wa madeni. Hesabu hufanywa New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa huipitisha kila baada ya miaka mitatu, na WHO hutumia jedwali hilohilo kwa marekebisho madogo. Kwa 2025 hadi 2027, Marekani imepangiwa asilimia 22 ya bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa na China asilimia 20 na ushei. Anayelipa kidogo kuliko wote ni asilimia 0.001. Nchi zilizo kwenye kundi la maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, hazivushwi asilimia 0.01 hata hesabu ikitaka zilipe zaidi.

Tuiweke kwa dola. Bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa ya 2025 ilikuwa dola bilioni 3.72, kwa hiyo fungu letu ni kama dola 370,000. Kwa WHO ni kidogo zaidi: michango yote ya lazima kwa 2024 na 2025 ilikuwa kama dola bilioni 1.15, na sehemu yetu inakuja kama dola 57,000 kwa mwaka. Kuna magari ya viongozi yanayopita barabarani hapo Msamvu yenye bei kubwa kuliko hiyo.

Lakini kiasi hicho kinanunua kura nzima. Kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani kura ya Tanzania na kura ya Ujerumani zina uzito uleule. Ndiyo maana Agosti 2024 Dkt. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa WHO kanda ya Afrika, na alipofariki Novemba mwaka huohuo kabla ya kuanza kazi, Tanzania ikarudi na mgombea mwingine na kushinda tena: Profesa Mohamed Janabi, Mei 2025. Nchi inayolipa asilimia 0.01 ilishinda kiti kilekile mara mbili katika muda usiofika mwaka. Wanaopiga kura hapo ni nchi za kanda yenyewe, na zinazotafutwa ni kura zao, moja moja.

Mfano mwingine ni wa jirani. Februari 2025, Addis Ababa, Kenya ilimsimamisha Raila Odinga kugombea uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Kenya ni moja ya chumi kubwa za bara hili, na Raila hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu. Aliyeshinda, baada ya duru nyingi za kura, ni Mahamoud Ali Youssouf wa Djibouti, nchi ambayo uchumi wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa Kenya, lakini waziri wake huyo alikuwa amekaa kwenye wizara ya mambo ya nje tangu 2005 na alikuwa anajuana na kila mtu kwenye ukumbi ule.

Na kabla ya wote hao kuna Salim Ahmed Salim. Alikwenda New York kama balozi wetu mwaka 1970 akiwa bado kijana, akaongoza Kamati ya Kuondoa Ukoloni kuanzia 1972, akawa mmoja wa walioisukuma China hadi ikapata kiti chake Oktoba 1971, na 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu. Tanzania ya miaka hiyo ilikuwa maskini hasa. Iliyokuwa nayo ni msimamo unaojulikana, kundi la nchi zinazopiga kura pamoja, na mtu anayezijua kanuni za kikao kuliko wenzake. Kisha mwaka 1981 akagombea ukatibu mkuu, na Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, wakati China nayo inamzuia Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwepo, hadi wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Hapo sababu haikuwa mchango. Turufu imeandikwa kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, na wenye nayo wangekuwa nayo hata wangelipa senti tano.

Basi wale wanaosema tunaenda kupiga makofi wamekosea? Kwa mfuko wa kwanza, ndiyo. Sasa tuuangalie wa pili.

Mfuko wa pili ni michango ya hiari. Katika WHO, kufikia 2020 michango ya lazima ilikuwa imeshuka hadi chini ya sehemu moja ya tano ya mapato yote. Zilizobaki zilitolewa kwa hiari na serikali, mifuko ya hisani, benki za maendeleo, na karibu zote zilikuja na masharti: hizi ni za ugonjwa fulani, katika nchi fulani, ziishe kufikia tarehe fulani. Wakfu wa Bill Gates, ambao si nchi na hauna kura hata moja, umekuwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa wachangiaji wawili watatu wakubwa kabisa.

Watu wengi hudhani nguvu ya fedha ni simu ya usiku kutoka ikulu fulani ikiamuru jambo. Simu hizo zipo, lakini nguvu kubwa iko kwenye kitu kinachochosha kukisoma: jedwali la programu zenye fedha na zisizo na fedha. Wanachama wote hukutana Geneva, makao makuu ya WHO, hupitisha kwa kauli moja kwamba vipaumbele ni hivi kumi. Kisha wachangiaji wa hiari hujaza vitatu au vinne. Hakuna aliyepiga kura kuvikataa vile sita vingine. Vinakosa tu mtu wa kuvilipia, na mwaka unapita.

Polio inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Kwa miaka mingi programu ya polio ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya bajeti ya WHO, na hasa ofisi za Afrika. Iliajiri wafuatiliaji wa magonjwa hadi vijijini, ikanunua magari, ikajenga maabara. Agosti 2020 kanda ya Afrika ikatangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, na ni ushindi wa kweli, tusiubeze. Lakini watu walewale na magari yaleyale ndiyo yaliyokuwa yakitumika kwenye surua, kipindupindu na Ebola. Ugonjwa uliowalipa mishahara ulipopungua, fedha zikaanza kupungua nazo, na uwezo wa kugundua magonjwa mengine ukatikisika kwa kufanikiwa kwa kazi yenyewe.

Upande wa pili ni magonjwa yasiyoambukiza: kisukari, shinikizo la damu, moyo. Haya yanaua watu wengi duniani kuliko mengine yote kwa pamoja, na kwa miaka mingi hayajawavutia wafadhili. Profesa Janabi ni daktari wa moyo, na Watanzania wanamfahamu kwa kutukanya kuhusu sukari, vitambi na kula usiku. Amepata kiti cha Brazzaville, makao ya WHO kanda ya Afrika, kwa kura zetu. Fedha za kulifanyia kazi jambo analolijua kuliko yote hazitokani na kura hizo.

Na alifika wakati mbaya. Januari 2025 Marekani ilitoa taarifa ya kujitoa, na sheria yake yenyewe ya 1948 inataka notisi ya mwaka mmoja na kulipa madeni. Mei 2025 wanachama walipitisha bajeti ya dola bilioni 4.2 kwa 2026 na 2027, badala ya bilioni 5.3 iliyokuwa imependekezwa. Habari hiyo iligonga vichwa vya magazeti. Iliyopita kimya ni kwamba kikao kilekile kilikubali kupandisha michango ya lazima kwa asilimia 20, kama kilivyofanya 2023, katika mpango uliokubaliwa 2022 wa kufikisha michango hiyo nusu ya bajeti ya msingi ifikapo 2030. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko kuondoka kwa Marekani. Kwetu sisi nyongeza ni dola elfu kumi na kitu. Lakini kila dola inayohama kutoka mfuko wa pili kwenda wa kwanza inahama kutoka kwa uamuzi wa mfadhili kwenda kwenye uamuzi wa kikao, na kwenye kikao tuna kura.

Kuna njia ya tatu ya kutumia fedha, nayo ni kuchelewa. Mwaka wa fedha wa Umoja wa Mataifa huanza Januari na michango hudaiwa ndani ya siku 30. Marekani, tangu miaka ya 1980, hulipa baada ya mwaka wake wa fedha kuanza, yaani Oktoba au baadaye. Kwa hiyo kila mwaka taasisi nzima hungoja robo ya mwisho ikiwa na pochi nyembamba. Oktoba 2019 hata ngazi za umeme za jengo la New York zilizimwa. Mtu anayejua kwamba mshahara wa watumishi wako mwezi ujao uko mikononi mwake hahitaji kusema mengi.

Na Bunge la Marekani limelitumia hilo kwa ustadi. Mwaka 1985 seneta Nancy Kassebaum aliingiza kifungu cha sheria: Marekani, iliyokuwa ikidaiwa asilimia 25, isilipe zaidi ya 20 mpaka wachangiaji wakubwa wapewe kura yenye uzito wa mchango wao kwenye mambo ya bajeti. Uzito huo hawakuupata, lakini Desemba 1986 Baraza Kuu likakubali kwamba bajeti itapitishwa kwa maafikiano, jambo ambalo kwa vitendo linampa kila mkubwa uwezo wa kuikwamisha. Mwaka 1994 wakazuia tena fedha, na Julai mwaka huo ikaundwa ofisi ya uangalizi wa ndani yenye uhuru wake. Mwaka 1999 maseneta Jesse Helms na Joe Biden wakapitisha sheria ya kulipa malimbikizo ya dola milioni 926 kwa masharti, mojawapo likiwa kushusha kiwango kutoka asilimia 25 hadi 22. Desemba 2000 nchi nyingine zikakubali, na pengo la mwaka wa mpito likazibwa na tajiri wa televisheni, Ted Turner, aliyetoa dola milioni 34 kutoka mfukoni mwake.

Angalia pia kwamba matokeo mengine ya shinikizo hilo ni mema. Ofisi ile ya uangalizi ilihitajika, na nchi maskini zimefaidika nayo kama tajiri.

Lakini silaha ya kuondoka humkata na mwenye nayo. Marekani ilitoka UNESCO, shirika la elimu, sayansi na utamaduni la Umoja wa Mataifa, mwishoni mwa 1984, ikarudi 2003. Oktoba 2011 Palestina ikapokewa uanachama, na sheria za Marekani za 1990 na 1994 zikailazimu serikali kusimamisha malipo. Novemba 2013 ikapoteza haki ya kupiga kura. Ikatoka tena mwishoni mwa 2018. Katika miaka hiyo China ikawa mchangiaji mkubwa kuliko wote pale Paris, makao ya UNESCO, na mwaka 2023 Washington iliporudi ikiwa na deni la dola zaidi ya milioni 600, maofisa wake walisema wazi kwamba walikuwa wamewaachia Wachina nafasi ya kuandika kanuni, zikiwemo za akili bandia. Julai 2025 wakatangaza kutoka kwa mara ya tatu.

Mahali ambapo kijiwe chenu kiko sahihi moja kwa moja, mwenye hela ndiye mwenye amri, ni Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Hapo kura hupimwa kwa hisa. Marekani ina asilimia 16 na nusu hivi ya kura za Shirika la Fedha, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85. Piga hesabu mwenyewe. Mageuzi yaliyokubaliwa 2010 ya kuzipa nchi zinazoinuka nafasi zaidi yalisubiri Bunge la Marekani hadi Desemba 2015.

Kuna jingine ambalo halionekani kwenye hesabu za fedha kabisa: watu. Katika miaka ya 1990 idara ya ulinzi wa amani New York ilijaa maofisa wa kijeshi zaidi ya mia waliotolewa bure na serikali zao, karibu wote kutoka nchi tajiri. Bure, lakini mishahara yao ililipwa na majeshi yao, na wao ndio walioandika mipango ya misheni. Nchi zinazoendelea zikalalamika hadi Baraza Kuu likapitisha azimio 1997 la kuwaondoa. Mtindo haujafa. Leo nchi tajiri hulipia vijana wao nafasi za kuanzia kazi kwenye mashirika haya, na baada ya miaka kumi vijana hao ni wakuu wa vitengo.

Sasa ukaguzi. Umoja wa Mataifa una kanuni kwamba wakaguzi wa nje ni wamoja tu. Nchi haiwezi kutuma mkaguzi wake akapekue vitabu kwa sababu imelipa sana. Kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Wakaguzi, yaani wakaguzi wakuu wa nchi tatu wanaochaguliwa na Baraza Kuu kwa miaka sita. Kijiweni pengine hamjui kwamba Tanzania ilikuwa mmojawapo kuanzia Julai 2012 hadi Juni 2018, alianza Ludovick Utouh na akafuata Profesa Mussa Assad, ambaye kwa muda alikuwa mwenyekiti wa bodi. Vijana wa ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) walikuwa wanakagua misheni na mifuko ya mabilioni ya dola iliyolipiwa na Marekani na Japani. Ni Assad huyohuyo ambaye mahojiano yake na Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa kuhusu udhaifu wa Bunge kusimamia ripoti za ukaguzi yalimfikisha mbele ya kamati ya maadili ya Bunge hilo Januari 2019. Alikagua dunia bila kuitwa na kamati yoyote ya maadili.

Hapo kwenye Bunge kusimamia ndipo tunapozidiwa kweli, kuliko kwenye dola. Bunge la Marekani huita mawaziri na kuuliza: tulilipa kiasi gani, tulipata nini, raia wetu wangapi wameajiriwa pale, nani anatuzidi? Kwetu michango ya mashirika ya kimataifa ni mstari mmoja ndani ya bajeti za wizara, na hupita pamoja na mafuta ya magari.

Tena ndani ya nyumba zetu wenyewe hali ni hiyohiyo. Askari wa Uganda, Burundi na Kenya waliopigana Somalia chini ya Umoja wa Afrika walilipwa posho na Umoja wa Ulaya, dola 1,028 kwa mwezi kwa kila mmoja. Januari 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20, na hakuna kikao cha Afrika kilichoweza kubatilisha uamuzi huo. Mwaka huohuo, kwa sababu ya mgogoro wa kisiasa wa Burundi, Ulaya ikataka fedha za askari wa Burundi zisipitie serikalini, na Bujumbura ikatishia kuwarudisha wote hadi ikapatikana njia ya benki ya biashara mapema 2017. Wakuu wa Afrika walikuwa tayari wamekubaliana Kigali, Julai 2016, kutoza asilimia 0.2 kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ya bara ili waache kutegemea. Baadhi ya nchi zinatoza, nyingi hazijaanza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilianza kwa wote kulipa sawa, na maamuzi kwa maafikiano. Sawa kwenye karatasi. Kwa vitendo malimbikizo yakakua, vikao vya Bunge la Jumuiya vikaahirishwa kwa kukosa fedha, na Novemba 2024 wakuu wakakubali kanuni mpya: asilimia 65 ilipwe kwa usawa, 35 kwa kutazama pato la mwananchi. Angalia kwamba kanuni ya maamuzi haikubadilika. Sijui kijiwe kitasemaje, lakini mimi ningependa hivyo.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, Umoja wa Mataifa huchapisha kila mwaka orodha ya nchi zilizolipa mchango wote ndani ya siku 30, na WHO huonyesha kwenye tovuti yake nani analipa nini na kwa programu ipi, mpaka ngazi ya nchi. Anza na ukurasa wa Tanzania. Tazama programu zipi zimejaa na zipi ni tupu, halafu mpelekee mbunge wako wa Morogoro kabla wizara ya afya haijasoma bajeti yake.